Mbuzi Mwenye Pembe na Samaki wa Sebuleni

Samaki niliye naye sebuleni hakai na mwenziwe. Ana urefu wa sentimita 30, rangi ya chungwa, midomo minene na nundu kubwa juu ya paji la uso. Kila kilichowahi kuwekwa humo ndani amekihamisha, amekivunja au amekifukia: mimea ya plastiki, kipimajoto, hata bomba la chujio. Mkono wangu ukiingia kusugua kioo huufuata mdomo wazi, na akiupata anauma kweli. Anaishi peke yake ndani ya tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Piga hesabu mwenyewe: karibu lita 650 za maji kwa kiumbe mmoja, katika jiji la Dar es Salaam, ambako mtaani kwetu bado watu hupanga ndoo maji yakikatika. Mke wangu hulitaja jambo hili kila ninapobadilisha maji. Siku hizi yale machafu huyamwaga kwenye migomba na mchicha, na ubishi umepungua, ingawa haujaisha.

Madukani humwita Shetani Mwekundu. Wapo ndugu wawili wa karibu, Amphilophus labiatus na Amphilophus citrinellus, ambao wauzaji huwachanganya na kuwazalisha pamoja mpaka hata mtaalamu anasita kusema huyu ni yupi. Wote wawili waliandikwa kwa mara ya kwanza na Albert Günther mwaka 1864, na kwao ni maziwa ya Nicaragua, huko Amerika ya Kati. Lakini familia yao tunaijua. Ni ile ile ya perege, sato, furu wa Ziwa Viktoria na kuhe wa Ziwa Tanganyika. Wataalamu huiita Cichlidae. Wazungu walioanza kuwafuga majumbani waliwapa majina yanayosomeka kama daftari la mahabusu: mmoja ni Mfungwa kwa sababu ana milia, mwingine ni Jack Dempsey, yule bondia, mwingine ni Kitisho Chekundu. Mke wangu alikataa shetani asitajwe sebuleni kwake asubuhi na jioni, kwa hiyo hapa kwetu anaitwa Bwana Mkubwa.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji na nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu. Samaki wa jamii hii nilimjua kwanza kwenye sahani. Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika familia nzima, anaweza kufikia sentimita 80, na nyama yake nyeupe ikiungwa kwa mawese huna haja ya kuuliza mgeni amekuja lini. Mjomba wangu alipokuja Dar kutibiwa macho, alisimama mbele ya tangi kwa muda, akasema, “Mwanangu, kitoweo hiki mnakisubiri kiive chenyewe?” Sikuwa na jibu la maana. Mtu anayempa samaki chakula bila kutaka kumla ana jambo la kueleza, hasa mbele ya watu wa ziwani.

Swali lililonifanya niandike, hata hivyo, lilitoka kwa mjukuu wangu. Alimwona Bwana Mkubwa akikishambulia kivuli chake kwenye kioo, akauliza, “Babu, huyu ataingia motoni?” Wakubwa tulicheka. Baadaye usiku nikaona kwamba mtoto ameuliza jambo ambalo wanazuoni walilibishania kwa karne kadhaa, na wao hawakucheka.

Jibu jepesi linajulikana na kila aliyekaa kwenye mkeka wa madrasa. Anayehesabiwa ni aliyefikiwa na amri na akapewa akili ya kuielewa. Iblisi alikosa kwa sababu aliamriwa kusujudu akakataa, tena akatoa hoja. Samaki hakuamriwa lolote, na hakuna alichokataa. Hana taklifu. Ukimwita shetani unamsingizia, na nadhani unampunguzia shetani uzito wake pia.

Jibu hilo lingetosha kama isingekuwa hadithi moja iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) anaeleza kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, mpaka mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe. Mbuzi! Mnyama asiyeswali, asiyefunga, asiye na kitabu cha matendo, anaitwa kwenye hesabu kwa sababu ya pembe alizoumbwa nazo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliona tatizo hilo waziwazi. Akaeleza kwamba kisasi hiki si cha taklifu, maana mnyama hana taklifu. Ni kisasi cha kulinganisha, kipigo kwa kipigo, ili mizani ikae sawa. Maelezo hayo yananipa heshima kwa Nawawi, lakini hayanipi usingizi. Kama mwenye pembe hana kosa, mizani ilipinda kwa kitu gani?

Hapa naomba ruhusa ya kuingia ndani ya tangi, maana ndiko nilikoanza kuona pa kushika.

Ukali wa samaki huyu una kazi. Mtu aliyewachunguza kwa miaka mingi ni George Barlow wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na aliyoyaandika yanafanana na ninayoyaona. Dume na jike huchukua eneo pamoja, pango au ubavu wa jiwe, na kulisafisha. Jike hutaga mayai, dume huyarutubisha, na kuanzia hapo wote wawili huwa walinzi. Vifaranga vikianza kuogelea, wazazi huvizunguka, na kila samaki anayesogea, hata aliye mkubwa kuliko wao, hufukuzwa. Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hawakuliamini mpaka niliporudia mara ya pili: vifaranga vya samaki hawa huwala wazazi wao. Hugusagusa ubavu wa mama na baba na kumega ute wa ngozi, na wale wababe wawili hutulia kimya wakiliwa. Ukiutoa ukali ule ukautupa, utautupa pamoja na malezi.

Hata ugomvi wenyewe una taratibu. Kwanza mapezi husimama. Kisha vifuniko vya mashavu hufunguliwa ili kichwa kionekane kipana. Kisha wapinzani hukaa ubavu kwa ubavu na kupigana kwa mikia, kila mmoja akisukuma maji yamfikie mwenziwe apime nguvu zilizoyasukuma. Wasipoelewana, hushikana mdomo kwa mdomo na kuvutana. Katika kila hatua mmoja anaweza kusema basi: anakunja mapezi, rangi yake inabadilika, anaondoka. Aliyebaki hamfuati mbali, kwa sababu kila mita anayomfukuza nayo imeacha mayai bila mlinzi. Ziwani, ugomvi mwingi unaishia kwenye mita chache za maji. Umbali ndio hakimu wao.

Sasa weka kioo. Sentimita 180 zinaonekana nyingi kwa fundi aliyezikata na kwa aliyezilipia, lakini kwa dume mwenye kiota ni eneo la kiota tu, lote. Aliyeshindwa anakunja mapezi sawasawa kama babu zake walivyokunja. Anabadilika rangi. Amesema kila kinachosemwa katika lugha yao ya kuomba radhi, ila sentensi ya mwisho, ile ya kuondoka, haisemeki. Na kwa yule mshindi, anayekiri kushindwa halafu akabaki pale pale hajakiri. Kwa hiyo anapigwa tena. Kila mfugaji anaijua ile kona ya juu, karibu na bomba la chujio, ambako samaki mmoja husimama wima kichwa juu, mapezi yamechanika na magamba yametoka ubavu mmoja, akihema. Nimeiona kwenye nyumba za watu, nimeiona kwenye ukumbi wa hoteli ambako wageni walikuwa wakipiga picha. Hukumu yao ilikuwa moja: samaki huyu mkubwa ana roho mbaya.

Roho ni ile ile aliyokuwa nayo ziwani. Kilichoongezeka ni ukuta. Ndipo nikarudi kwenye hadithi ya mbuzi na kuisoma upya, kwa macho ya mwalimu wa baiolojia, nikijua fika kwamba mimi si mwanazuoni. Mbona mfano haukutolewa kwa simba na swala? Huko kuna damu zaidi. Mbona si mwewe na kifaranga? Umetolewa kwa mbuzi wawili, wanyama wa kufugwa, wa kundi moja, wanaolala zizi moja. Mbuzi mwitu wa milimani akipigwa pembe anaruka jabali la pili. Mbuzi wa zizini anapigwa huku mgongo wake uko kwenye miti ya boma, na boma hilo halikujengwa na mbuzi. Kwa ufahamu wangu mdogo, ukali wenyewe si dhulma. Dhulma huzaliwa pale aliyeshindwa anapokosa pa kwenda. Ikiwa mizani ilipinda, iliyoipinda ni ile miti, na miti ina aliyeikata.

Nilimpelekea fikra hii Ustadhi wa msikiti wetu, kijana mwenye elimu yake, ambaye huniita Mwalimu na huwa hanionei haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwalimu, hadithi imewataja mbuzi wawili. Mchungaji hayumo. Usimtie mtu ambaye Mtume hakumtia.”

Nikamwambia mchungaji ana hadithi yake. Ni ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Tazama jinsi ilivyopangwa. Kosa halikuwa kufunga peke yake. Milango miwili ilikuwepo, chakula au njia, na yeye aliifunga yote. Ustadhi akanijibu kwa hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume alimpoza yule mtoto kwa maneno ya utani laini kuhusu ndege wake. Wanazuoni walichota humo ruhusa ya kufuga ndege, na Ibn al-Qass wa Tabaristan, katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima cha mafunzo yapatayo sitini yaliyomo katika kisa hicho kifupi. “Kwa hiyo tangi lako ni halali,” akasema Ustadhi, “maadamu unamlisha. Mengine ni wasiwasi.”

Sikubaliani kwamba ni wasiwasi. Ndege mmoja mkononi mwa mtoto mmoja ni kisa cha mfugaji na mfugwa. Tangi lenye samaki wakali wawili ni kisa cha watatu. Ninaweza kumlisha kila mmoja vizuri kabisa, punje za asubuhi, kamba wa jioni, maji safi, chujio linanguruma, na bado dhulma ikatendeka mbele yangu kila saa, kwa sababu mlango nilioufunga ni wa wao kwa wao. Mnyama anayeishi peke yake anahitaji kutoka kwangu chakula. Wanaoishi wawili wanahitaji pia kukimbiana.

Lakini nisilipambe ziwa. Ustadhi aliligusa hilo, na ndipo hoja yangu ilipo dhaifu. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 na aina zipatazo 250 za samaki wa familia hii ambao karibu wote hawapatikani kwingine, yupo mmoja aitwaye Perissodus microlepis. Chakula chake ni magamba ya samaki wengine walio hai. Anavizia kwa nyuma, anachomoka, anang'oa magamba, anakimbia. Na mdomo wake umepinda upande: wengine wamepinda kushoto, wengine kulia, kila kundi likishambulia ubavu wake. Mjapani Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba makundi hayo mawili husawazishana. Walio upande mmoja wakizidi, wanaoliwa hujifunza kuuchunga ubavu huo, na wale wachache wa upande wa pili hushiba, wakaongezeka. Huko hakuna kioo wala fundi. Kuna mdomo ulioumbwa umepinda kwa ajili ya wizi, katika maji mapana yenye pa kukimbilia kila upande. Nani ataulizwa kwa gamba lile?

Wanazuoni wa Mu'tazila walikuwa na jibu. Mungu ni mwadilifu, walisema, na uadilifu unadai kwamba maumivu yoyote yasiyo adhabu yalipwe fidia. Kwa hiyo hata mnyama atafidiwa huko mbele. Qadhi Abdul-Jabbar, aliyefariki Rayy mwaka 1025, alilijadili suala la fidia kwa urefu wa kuchosha na kwa umakini wa hakimu, akipima nani analipa pale mnyama anapomuumiza mnyama. Wanazuoni wa Ash'ari wakawapinga: Mungu hadaiwi. Viumbe ni milki yake, na mwenye milki hadhulumu katika chake. Mimi nililelewa katika njia ya Ash'ari, kama wengi wa pwani na bara yetu, na sijaiacha. Ninakiri tu kwamba ninapomwona samaki wa kona ya juu ninawaelewa vizuri zaidi wale wengine. Na ninaona kwamba pande zote mbili, pamoja na ukali wa mjadala wao, hazikumruhusu mwanadamu kujificha nyuma ya Mola wake. Gamba lililong'olewa ziwani ni suala kati ya Perissodus na Muumba. Lililong'olewa sebuleni kwangu lina jina langu pembeni, na wala halihitaji falsafa nyingi. Ikhwanus-Safaa wa Basra, nao wa karne ya 10, walitunga kisa kirefu ambamo wanyama wanamshitaki mwanadamu mbele ya mfalme wa majini, na viumbe waishio ndani ya maji wakawakilishwa na chura. Ningependa kujua chura angesema nini kuhusu silikoni na kioo cha milimita 12.

Mjadala huu ungebaki wa vitabu vya kale kama samaki hawa hawangetumika, katika karne iliyopita, kumtetea mwanadamu. Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Niko Tinbergen, aliandika mwaka 1963 kitabu juu ya ukali, na ndani yake samaki wa familia hii wana nafasi kubwa. Aliona hivi: ukimweka dume na mkewe peke yao ili wasisumbuliwe, dume humgeukia mkewe, na anaweza kumuua. Waweke tena majirani ng'ambo ya kioo, dume atawatolea majirani hasira zake na nyumbani kutakuwa na amani. Anaeleza hata kwamba kioo cha kutenganisha kikiota ukungu wa kijani, majirani wasionekane vizuri, mume huanza ubaya nyumbani. Kikisuguliwa, ndoa hutengemaa. Wafugaji wanaitumia mbinu hii mpaka leo. Akahitimisha kwamba ukali hujaa ndani kama maji yajaavyo tangini, na lazima umwagike mahali.

Uchunguzi wake naukubali, maana niliwahi kumsaidia rafiki yangu kugawa tangi lake kwa wavu wa plastiki na tukayaona kwa macho. Hitimisho lake naliogopa. Lorenz alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1938, na katika miaka ile aliandika mambo juu ya uzao safi na uzao ulioharibika ambayo baadaye aliyajutia. Simhukumu kwa kitabu alichokiandika miaka 25 baadaye, lakini mtu mwenye historia hiyo akiniambia kwamba ugomvi ni maji yaliyojaa na hayana budi kumwagika, nageuka kutazama nani amesimama chini. Kuna serikali ngapi zimepata amani ya nyumbani kwa kusugua kioo ili adui wa ng'ambo aonekane? Mwaka 1986 wanasayansi walikutana Seville, Hispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kusema vita tumevirithi kutoka kwa wanyama, na UNESCO ikaliunga mkono mwaka 1989. Wanaojadili maumbile wanaweza kuendelea. Mimi nashika jambo dogo zaidi. Jike wa Lorenz naye hakuwa na pa kwenda. Yule dume hakupungukiwa adui, alipungukiwa ziwa. Na mwanadamu anayesema ndivyo tulivyoumbwa ana kitu ambacho dume yule hana: anaweza kuondoka yeye, au kumfungulia mwenzake mlango.

Isidhaniwe kwamba namfanya samaki kuwa mashine ya hasira. Kwetu Tanganyika, kwenye maji ya ufukoni na midomo ya mito, kuna kisamaki kiitwacho Astatotilapia burtoni, ambacho Russell Fernald na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford wamekichunguza kwa miongo kadhaa. Dume mwenye eneo ana rangi kali na mstari mweusi usoni. Wasio na eneo wamefifia. Sabrina Burmeister na wenzake walimwondoa mkubwa gizani. Taa zilipowashwa, mdogo alivaa rangi na kuanza kutamba ndani ya dakika chache. Aliyewahi kumwona makamu siku mkuu wa shule amesafiri hatashangaa. Mwaka 2007 Logan Grosenick, Tricia Clement na Fernald walionyesha kubwa zaidi. Samaki mtazamaji aliona wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, wa tatu wa nne, wa nne wa tano. Kisha akawekewa wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakikutana. Akajisogeza upande wa yule wa nne, aliye mnyonge. Alikuwa amefikiri. Kisamaki cha ukubwa wa kidole kinajua nani ni nani mtaani kwake, na kinajua bila kupigwa.

Habari hiyo ilinikondesha kidogo, kwa sababu inabomoa upande wa pili wa starehe yangu. Suluhisho langu la dhulma lilikuwa upweke: hakuna mwenzake, hakuna wa kudhulumiwa. Wauzaji wameniletea majike mara kwa mara, na jirani mmoja alitaka kunipa wake bure. Nimekataa. Lakini kiumbe aliyeumbwa kupima wengine, kuwajua kwa sura, kulinda watoto mpaka ngozi yake iliwe, anafanya nini siku nzima mbele ya makochi? Anapigana na kivuli. Wapo wanaomwekea kioo cha kujitazama kwa dakika kadhaa kila siku ili apandishe mapezi na rangi ing'ae, na wanasema inamchangamsha. Sijui kama kumdanganya samaki ni uongo unaoandikwa. Sifanyi.

Ustadhi alipokiona hicho kipenyo aliingia moja kwa moja. “Kama kosa ni kumfungia mtu njia,” alisema, “wewe uliifunga siku uliyomlipia. Mfungulie.”

Na hapo ndipo elimu ya samaki inapokuwa kali kuliko fiqhi. Siwezi. Nicaragua hajawahi kuiona. Alizaliwa kwenye bwawa la biashara. Nikimwachia mtoni au bwawani hapa, na akapata mwenza, nitakuwa nimefungulia mmoja njia na kuwafungia maelfu. Tunao ushahidi wa karibu: sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu zilikuwa hazionekani tena kwenye nyavu. Waliofanya vile hawakuwa na nia mbaya. Kwa hiyo kati ya ile milango miwili ya hadithi ya paka, wa njia kwake umeshafungwa, nami nimebaki nimeushika wa chakula: maji, chujio, punje, na betri ya kuendesha pampu ya hewa umeme ukikatika. Tangi kubwa ni fidia, nadhani, kwa maana ya Mu'tazila, ingawa Qadhi Abdul-Jabbar angeuliza kwanza ni nani aliyeniruhusu kumuumiza ndipo nimfidie.

Tatizo lililobaki ni la umri. Samaki wa aina hii akitunzwa hupita miaka kumi, na mimi nimeshaanza kuhesabu ya kwangu kwa njia nyingine. Mwanangu wa Dodoma amesema wazi kwamba hamtaki. Mjomba ana mawazo yake yenye mawese. Nimemuuliza Ustadhi kama samaki anaweza kuingizwa kwenye wasia, yeye na gharama zake, ndani ya ile theluthi ya mali ambayo mtu anaruhusiwa kuiusia. Akasema yeye haoni kizuizi, akajitolea kuwa shahidi, akaniandikia hata maneno ya kuanzia. Nilipomuuliza kama yeye mwenyewe angempokea, alitaka kwanza kujua pampu ile inakula umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi.